Bangi ya Zamani na Kibali cha Kuona Siri za Serikali ya Marekani

Miongoni mwetu Waswahili tunaoishi Marekani imeenea dhana kwamba aliyewahi kuvuta bangi hapewi kamwe kibali cha kuona siri za serikali, na kwa sababu hiyo baadhi ya vijana waliokwisha kupata uraia hawaombi kabisa kazi zinazohitaji kibali hicho, na wengine, ambao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, huomba huku wamekusudia kuficha.

Kanuni hazisemi hivyo. Mwongozo unaotumika tangu Juni 2017 una vigezo 13, na kigezo H, kinachohusu dawa za kulevya, humtaka mwamuzi apime ni lini mtu alitumia, mara ngapi, katika mazingira gani, na kama yuko tayari kutia saini ahadi ya kutorudia, akikubali kwamba akiivunja atanyang'anywa kibali. Sheria ya mwaka 2008 inamzuia anayetumia sasa pamoja na mraibu, haimzuii aliyeacha. Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Intelijensia ya Taifa, aliziandikia idara kwamba bangi ya zamani ni jambo la kuzingatiwa, ila peke yake haiamui.

Kinachowaponza wengi, kwa maoni yangu, ni uongo. Sehemu ya 23 ya fomu SF-86, anayojaza mwombaji wa kibali, huuliza kuhusu matumizi ya dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, na humhakikishia mwombaji kwamba jibu lake la kweli kuhusu matumizi hayo halitatumika kama ushahidi dhidi yake katika kesi ya jinai. Akidanganya, anahama kutoka kigezo H, ambacho muda unaweza kukilainisha, na kuangukia kigezo E, kinachopima uaminifu wenyewe, juu ya kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka 5. Wapekuzi nao huzungumza na majirani, marafiki na waajiri wa zamani, kwa hiyo siri ya kundi zima la marafiki si siri ya kutegemewa.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni sheria za majimbo. Bangi iliyonunuliwa kwa risiti katika duka la Colorado, jimbo linaloiruhusu, bado huhesabiwa, kwa kuwa fomu hufuata sheria ya shirikisho. Hapo ndipo miraa inapoingia, ingawa wengi wetu hatuihesabu kuwa dawa ya kulevya: nchini Kenya ni zao halali la biashara, nchini Tanzania, tunakoiita mirungi, imepigwa marufuku, na nchini Marekani kathinoni, kemikali iliyomo ndani yake, imo katika Jedwali la Kwanza, yaani kundi la dawa zinazodhibitiwa vikali zaidi, pamoja na heroini. Aliyeitafuna Meru, nchini Kenya, kabla ya kuhama na aliyeitafuna Minneapolis mwaka jana hawana maelezo yanayofanana, na kila mmoja anapaswa kuwa na mahali na tarehe zake tayari kabla mpekuzi hajamuuliza.