Injini iligoma kujizima kwenye foleni: kosa lilikuwa betri ndogo
Gari lina betri mbili na mfumo wa start-stop, unaozima injini wenyewe gari likisimama ili kuokoa mafuta; mfumo huo ndio uliogoma. Betri kubwa ilisoma volti 12.6, kiwango kizuri, kwa hiyo shaka ikabaki kwa ile ndogo, inayoshikilia umeme wa kompyuta na redio wakati starta inavuta. Kuipima ikiwa bado imeungwa ni kazi bure: betri zilizo sambamba husoma sawa. Nilichomoa waya hasi za zote mbili, nikaziacha zitulie saa kadhaa. Ndogo ikasoma 11.9, na kwenye kipimo cha mzigo (betri ikivutwa umeme mwingi kwa muda mfupi) ikaanguka chini ya 9.6, kiwango cha mwisho kinachokubalika. Niliweka betri mpya ya AGM (asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) ya ukubwa uleule, nikarudisha na kibomba cha kutolea gesi (mafundi wengi hukisahau). Kujizima hakukurudi papo hapo. Kulisubiri betri kubwa ichajiwe vya kutosha barabarani.