Winchi ilikuwa inazima tukishusha boti: jinsi nilivyotatua

Hapa Malindi tunavuta boti kwa winchi ya mota ya fezi 3. Kupandisha, hakuna shida. Kushusha, katikati ya njia draivu (kifaa kinachoendesha mota na kudhibiti kasi yake) inazima, inaandika volteji imezidi. Nahodha mmoja akaniambia, "Mwanangu, kupanda yapanda, kushuka yagoma."

Boti ikishuka, uzito wake ndio unaozungusha mota, nayo inageuka jenereta. Umeme huo unarudi kwenye draivu, na rezista ya breki lazima iugeuze joto. Nikapiga hesabu: boti na toroli kilo 4,000, mteremko mita 1 kwa kila 10, kasi mita 0.25 kwa sekunde. 4,000 × 9.81 (mvutano wa dunia) × 0.1 × 0.25 ni karibu wati 980, sekunde 80 mfululizo. Msuguano sikuutoa, heri kubaki upande salama.

Rezista iliyokuwepo ni omu 100 (kipimo cha ukinzani wa umeme), wati 200. Breki ikifanya kazi, kwa volti 780 ndani ya draivu, inameza wati 6,000, lakini kwa sekunde chache tu! Nilipoisogelea, rangi ilikuwa imebabuka. Swichi yake ya joto ikikata, volteji inapanda na draivu inazima.

Nikafunga ya wati 1,500, omu zilezile 100. Ukishuka chini ya omu zinazoruhusiwa na draivu, mkondo unazidi na transista ya breki (swichi ya draivu inayopeleka umeme kwenye rezista) inaungua. Jana tumeshusha boti nne bila kuzima.