Siku moja na kondoo wangu, barabara ya Malindi kwenda Sala, lango la Mbuga ya Tsavo Mashariki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai nazunguka zizi kwa nje nikisoma udongo. Unyayo wa fisi huonyesha kucha. Chui huzificha akitembea. Leo fisi amefika hadi kwenye miiba, akachimba kidogo, akaacha.

Saa mbili. Ndipo nafungua mlango. Wapo wanaofungulia kungali na giza ili kondoo washibe mapema. Mimi sikubali: saa hizo fisi bado anazurura.

Mchana kutwa ni malisho. Kando ya Mto Sabaki majani ni mazuri ajabu, lakini vichaka vile ndivyo chui hujificha. Mimi natangulia, mpwa wangu yuko nyuma kabisa, maana anayechukuliwa ni yule aliyeachwa: kilema, mgonjwa, au mwenye mimba nzito.

Saa tisa. Jirani ameuliwa mbuzi, anataka kutia sumu kwenye mzoga. Nilikwenda mbio.

"Mzee, sumu haichagui. Watakufa tumbusi, watakufa mbwa wako mwenyewe."

"Na mbuzi wangu nani atanilipa?"

Uchungu wake ni wa haki. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mifugo, ila inataka ushahidi. Tukaacha mzoga pale pale, tukafunika nyayo kwa karai, tukapiga picha za koo lenye matundu ya meno. Huyo ni chui; fisi angeanza kurarua nyuma. Kisha jirani akawapigia simu maafisa wa wanyamapori.

Saa kumi na mbili kasoro. Kuhesabu mlangoni, mmoja mmoja. Zizi langu nimelijenga kwa kufikiria adui watatu. Fisi huchimba, kwa hiyo chini kuna mawe. Chui huruka, kwa hiyo wana-kondoo wanalala kwenye banda lenye paa. Simba ndiye mgumu zaidi: akikaribia, mifugo hupatwa na hofu ikavunja boma yenyewe na kumkimbilia nje gizani. Ndiyo maana nguzo zangu ni imara hata zikisukumwa kutoka ndani.

Saa mbili usiku naziwasha taa za kumetameta, mfano wa zile alizobuni Richard Turere akiwa mvulana karibu na Mbuga ya Nairobi. Taa iliyotulia simba huizoea.

Saa nne kondoo mmoja amezaa. Nimefukia kondo ya nyuma shimo refu, mbali na zizi, kwa sababu harufu ile humwita fisi. Mpwa wangu anakesha hadi saa nane, halafu zamu yangu.