Jino lilivyooshwa, na usiku uliofuata

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilianza kuuma usiku. Mchana nikiwa kwenye cherehani hapa Ngamiani nilijisahau kidogo, lakini nikilaza kichwa tu maumivu yanapanda hadi sikioni. Mama akasema kama wasemavyo wazee wote: dawa ya jino ni kung'oa. Alinipa karafuu nikaibana hapo, ikatuliza kidogo, ila kabla ya alfajiri nimeshaamka.

Sikutaka kung'oa, na kutibu mzizi, yaani kusafisha ndani ya jino na kuliziba bila kuling'oa, nako nilikuogopa. Miaka ya nyuma, nikiwa mkoa mwingine, nilitibiwa mzizi wa jino la juu. Kazi ilifanywa haraka haraka, na dawa ikisukumwa nilisikia kama moto umenichoma hadi chini ya jicho licha ya ganzi. Nililala nimekaa usiku tatu, uso umevimba. Kwa hiyo nilipoingia kwa daktari wa hapa Tanga, swali langu la kwanza lilikuwa hilo: kwa nini lile liliniuma vile?

Alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, akanionyesha picha ya eksirei. "Mama, hili gego lako lina mizizi miwili na njia tatu. Vyuma vyangu vinachonga njia kubwa tu. Pembeni kuna vijia vyembamba ambavyo chuma hakifiki. Huko kinachosafisha ni maji ya dawa."

Maji yenyewe ni sodiamu hipokloraiti, dawa ileile iliyomo kwenye maji ya kung'arisha nguo nyeupe, ila hii imepimwa kwa ajili ya meno. Inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa ndani ya jino. Ndiyo maana ni nzuri, na ndiyo maana ni hatari ikipenya ncha ya mzizi na kuingia kwenye nyama hai: inaunguza na kuvimbisha palepale. Hata uchafu ukisukumwa kidogo tu kupita ncha, mwili unaupiga vita, na vita hiyo ndiyo maumivu ya usiku. Sikuwahi kuelezwa hivyo na mtu yeyote. Naamini mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla hajafungua kinywa.

Akanionyesha sindano yake. Ncha imezibwa, tundu liko ubavuni, ili maji yatoke pembeni na kurudi juu. Haifikishwi mwisho wa mzizi, inaachwa kama milimita 2, haikazwi, na anaipandisha na kuishusha huku akibonyeza polepole. Alisema kuna mashine inayoyavuta maji kutoka chini badala ya kuyasukuma, na tafiti kadhaa zimeona wanaooshwa nayo maumivu yao huwa pungufu siku ya kwanza. Yeye hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni subira, na chupa ya maji ya chumvi ya hospitali iliyokaa kwenye friji.

Alinitandikia kitambaa cha mpira, jino peke yake likatokeza, dawa isinidondokee kooni. Kuchonga hakukuchukua muda. Kuosha ndiko kulikochukua. Mwishoni akaosha kwa yale maji ya baridi dakika kadhaa, maana ubaridi hupunguza uvimbe kwenye ncha ya mzizi.

"Usingoje ganzi iishe," aliniambia. Nikala uji, nikameza ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1, nikarudia baada ya saa 8. (Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba amwambie daktari kwanza, ibuprofeni si ya kila mtu.) Jirani alinihimiza ninunue amoksilini duka la dawa. Nilikataa, kwa sababu daktari alishaniambia antibayotiki haitulizi maumivu haya, na kama hakuna homa wala uvimbe unaosambaa haihitajiki.

Usiku ule liliuma, sitadanganya, lakini ni maumivu ya kidonda kilichoguswa, si yale ya kunitoa kitandani. Nililala saa 5 mfululizo. Kesho yake yalipungua. Siku ya tatu ndipo nikaona ajabu: nikikaa kimya haliumi, nikibana meno linachoma. Nilianza kuogopa kwamba yamerudi yale ya zamani. Nikapanda bajaji nikarudi. Akaniambia nibane karatasi ya rangi kwa meno, akaona kizibo cha muda kimezidi kimo, jino linagonga kabla ya wenzake. Akalisaga kidogo, dakika 5 hazikufika, na jioni ile nilikula wali bila kuhesabu tonge.

Kofia ya jino, ile ya kulifunika juu, bado sijavishwa. Daktari amenionya kwamba gego lililotolewa kiini hupasuka kirahisi likiachwa wazi, kwa hiyo kila gauni ninaloshona sasa natenga kitu, na mihogo ya kuchoma naitafuna upande wa kulia.