Mbuzi ya nyanya

Mwaka 2004 nikiwa fomu tatu, mwalimu wetu wa useremala alituambia kila mmoja atengeneze kitu cha kutumika nyumbani, kiwe na sehemu inayokunjika, na asiguse mtu msumeno mpaka mchoro wake uwe umepitishwa. Tulikuwa kumi na wanne tu kwa hilo somo. Shule nyingi hapa Mombasa hazikuwa nalo, vyombo ni ghali na mbao ni ghali, sisi tulibahatika kuwa na woksho yenye meza za jiriwa, randa, patasi za kugawana na ile harufu ya vumbi la mbao ambayo mpaka leo nikipita kwa seremala lazima nisimame kidogo.

Wenzangu wakachagua stuli, meza ya kupigia pasi, mmoja akachagua marufaa ya kuwekea msahafu. Mimi nikaandika mbuzi ya kukunia nazi. Kuna waliocheka sana, ati hiyo kazi ya jikoni, mwanamume gani akaa achora mbuzi, lakini mwalimu hakucheka. Aliniuliza tu, "Ya nani?" Nikamwambia ya nyanya. "Basi kampime." Nikauliza nipime ile mbuzi yake ya zamani? Akaniangalia. "Nimesema kampime yeye."

Nyanya alikuwa akikaa Kuze, Mji wa Kale, na alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake asubuhi. Kabla ya adhana ya alfajiri ashaamka, ashavunja nazi tatu au nne, akaa kwa mbuzi akikuna. Sokoni mashine za kukuna zilikuweko lakini yeye alikuwa hazitaki kabisa, asema mashine yala mpaka ngozi ya kifuu na tui lakuwa jeusi. Shida ilikuwa magoti. Mbuzi yake ilikuwa chini sana, na kwa kuinuka ilikuwa lazima ashike kizingiti cha mlango kwa mikono miwili ajivute, mimi nilikuwa nimeliona hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulifikiria mpaka nilipotumwa na futi ya kamba.

"Wanipimia sanda, mwanangu?" Hivyo ndivyo alivyoniambia nilipopiga magoti mbele yake. Nikampima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, nikapima mbuzi yake, sentimita 21, kisha nikamwambia akae kwenye vitu tofauti vya mle ndani, sanduku, kigoda, kiti, kila mara ainuke bila kushika kitu. Kwenye kigoda cha sentimita 34 aliinuka vizuri. Lakini akaniambia hapo juu mno kwa kukuna, mikono haina nguvu, mtu hukuna kwa kuegemeza mwili. Tukashukashuka kwa kuondoa vitabu vyangu vya shule nilivyokuwa nimevipanga chini yake mpaka tukafika 30. Hapo akanyamaza, akafanya mikono kama yuwakuna, akasema, "Hapa."

Asiyeijua mbuzi vizuri, ni vibao viwili vinavyopishana kama mkasi. Kimoja kirefu cha kukalia, kina ulimi mbele unaoshika chuma chenye meno, kingine kifupi kinapita ndani ya tundu la kile kirefu, na pini inavifunga pale vinapokutana ili ikunjike uiegemeze ukutani. Yaonekana kitu rahisi. Mimi nilichora mara tano, mbele, ubavu, juu, skeli ya moja kwa mbili, na mara zote tano mwalimu alinirudishia. Ukiinua kiti unakuwa umeinua kila kitu, kwa hivyo nilipotengeneza mfano wa plaiwudi na kuusukuma pale kwa chuma, wote ulipinduka mbele. Uzito wa mkunaji waja juu ya ulimi anapoegemea, sasa kama mguu wa mbele uko nyuma mno ya ule ulimi, lazima ianguke. Nikausogeza mguu wa mbele, nafasi kati ya miguu ikawa 42, haikupinduka tena, lakini sinia la kukingia nazi likawa halina pa kukaa maana mguu ulikuwa hapo hapo. Wiki nzima iliniishia kwa hilo jambo moja. Mwishowe nikaukata ule mguu katikati upande wa chini, uwe kama upinde wenye nyayo mbili, ili ukingo wa sinia uingie kwenye uwazi. Mwalimu aliuangalia huo mchoro wa sita muda mrefu, akatia sahihi na hakusema neno, na mimi nilitembea kwa miguu kutoka shule mpaka Kuze siku hiyo kwa furaha, sikupanda matatu.

Mbao ndiyo ilinivunja moyo. Nilivuka Makupa nikaenda Changamwe kwa wachongaji vinyago, nikanunua vibao viwili vya mwarobaini kwa bei ndogo. Mzee aliyeniuzia aliniambia waziwazi, huu mbichi bado, uweke kivulini miezi. Mimi nilikuwa na wiki nne tu. Nikapima, nikakata, nikatoboa tundu kwa patasi polepole, ikaingia sawasawa mpaka nikawaita wenzangu waje waone inavyokunjika. Ijumaa nikaiacha woksho karibu na dirisha. Jumatatu nikakuta ufa kutoka kona ya tundu mpaka mwisho wa ubao, kidole chaingia, na kile kibao cha pili kilikuwa kimejikunja kama kipande cha embe kavu. Mbao ikikauka hupungua upana, urefu haupungui sana, na kona kali ya tundu ndipo ufa unapoanzia. Haya yote tulikuwa tumefundishwa, nilikuwa nayo kwa daftari yangu.

Nilienda kwa nyanya nikalia, nasema ukweli. Akanisikiza mpaka mwisho, halafu akanitaka nipande darini nishushe mbao zilizofungwa kwa kamba ya nazi. Zilikuwa za kitanda cha babu. Babu alisomea useremala MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education) miaka ya hamsini, hapo ambapo sasa ni Technical University of Mombasa, na kitanda hicho alikitengeneza mwenyewe kwa mvule, baada ya yeye kufariki kikafunguliwa kikawekwa. Nyanya akapitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani akapangusa vumbi. Nikamwambia, nyanya siwezi kuukata huu. "Kata. Huo umekauka kabla mamako hajazaliwa."

Mvule ni kitu chengine kabisa. Vumbi lake lilinichoma pua na macho mpaka nikawa nafanya kazi na leso usoni, na siku ya pili patasi iligonga kitu ndani ya ubao, makali yakang'oka. Nilidhani msumari. Mwalimu akachokora kwa ncha ya kisu akanionyesha kijiwe cheupe, mvule hutengeneza mawe ndani yake ukiwa bado mti, kama chokaa, kila fundi wa pwani alishawahi kupoteza makali hapo. Alininolea patasi yeye mwenyewe. Safari hii zile kona za tundu nilizitoboa kwanza kwa keekee ziwe mviringo, ufa usipate pa kuanzia, na kati ya vibao niliacha nafasi ya unene wa karatasi mbili za daftari, maana masika hewa ya Mombasa yaingia mpaka ndani ya mbao na kitu kilichobana sana hakitakunjika.

Chuma nyanya alikataa nisinunue kipya. Nilikitoa kwa mbuzi yake ya zamani, kilikuwa cha mamake, meno yameisha nusu, nikakaa na tupa ya pembe tatu nikiyanoa jino moja moja. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote na haikuwa hata kwenye mchoro.

Siku ya kusahihishwa nilipata 29 kwa 40. Nilikatwa maksi za finishi, sababu sikupaka vanishi na matundu ya skrubu za kitanda yalikuwa yaonekana kwenye kiti. Vanishi sikupaka kwa kuwa ni kitu cha chakula, niliisugua kwa mafuta ya nazi tu. Na yale matundu ningeweza kuyaziba kwa unga wa mbao na gundi, ni kazi ya dakika kumi, lakini sikutaka. Mwalimu nilimweleza, akasema anaelewa na maksi zikabaki pale pale, na nafikiri alikuwa na haki.

Nilimpelekea nyanya Jumamosi, nimeibeba mabegani kutoka Makadara, watu wananisimamisha njiani waiguse. Hakusema asante wala nini, aliikunjua, akaitikisa, akaikalia. Akatafuta kigae cha nazi akaanza kukuna. Baada ya muda akasema, "Nazi yamwagika nje." Nikaangalia, kweli, kwa kuwa chuma kilikuwa juu zaidi sasa ile nazi iliyokunwa ilikuwa yaanguka mbali na kutawanyika, nusu nje ya sinia. Hilo sikulifikiria hata siku moja, wala mwalimu, plaiwudi haikuni nazi. Nikaanza kusema nitaukata ulimi nipunguze, yeye akanyanyuka akaenda jikoni kuleta beseni la kina kirefu, akaondoa sinia akaliweka pale chini, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, nimetambua kwamba ameinuka na hakushika kizingiti.

Akakaa tena. "Nipe kigae chengine," akasema.