Nilivyopanga sayari za mbali kwa utaratibu wa daftari la ghala

Mimi ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara, minada ikishaisha kazi inapungua sana, unakaa tu mezani unasubiri jioni. Basi msimu mmoja ulivyoisha nikasema ngoja nifanye kitu nilichokuwa nakitamani tangu niko fomu tu, niwe na orodha yangu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine, sio hizi nane zetu, zile za mbali kabisa, na iwe kwa Kiswahili ili hata mdogo wangu aisome.

Taarifa zenyewe zipo bure, kuna za NASA na kuna ile ensaiklopidia aliyoianzisha Jean Schneider kule Paris mwaka 1995, mwaka uleule Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza 51 Pegasi b. Hiyo ndo ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na jua letu, uzito wake kama nusu ya Mshtarii halafu inamaliza kuzunguka kwa siku 4 na kidogo, yani wiki haijaisha mwaka wake umeshapita. Sasa hivi zimeshavuka 6,000. Zote nisingeweza, nikachagua 200, nikashusha kwa bando la usiku, nikaanza kuandika kwenye kaunta buku, mstari mmoja sayari moja.

Kosa la kwanza lilikuwa la uzito. Sayari nyingi zilipatikana na chombo cha Kepler kilichorushwa 2009, kilikuwa kinakazia macho nyota zilezile miaka na miaka kuona kama mwanga umefifia kidogo sayari ikipita mbele, na ni kidogo kweli, dunia yetu ikipita mbele ya jua mwanga unaopungua haufiki hata sehemu moja kwa elfu kumi. Sasa njia hiyo inakupa ukubwa wa sayari, uzito haikupi. Mimi pale penye uzito nilikuwa naandika 0. Nimefika sayari ya sitini na kitu ndo nikashtuka, mbona ghalani siandiki hivyo, gunia ambalo halijapanda mzani huliandikii kilo sifuri, unaacha wazi mpaka lipimwe. Nikarudi nyuma nikafuta zote kwa wembe.

Ila kilichonisumbua zaidi ni majina. Herufi zenyewe rahisi, nyota ndo inahesabiwa a, sayari zinaanzia b, na zinafuata nani kagunduliwa kwanza sio nani yuko karibu, ndo maana 55 Cancri e iko karibu na nyota yake kuliko b na inaizunguka kwa saa kama 18 tu. Shida ni kwamba nyota moja ina majina matatu manne. 51 Pegasi hiyohiyo utaikuta HD 217014, na sayari yake ina jina rasmi Dimidium. Usipokuwa makini unaandika kitu kimoja mara mbili.

Na mimi niliandika. Nilimaliza 200, nikafurahi, halafu nikaamua kuzipanga upya kwa siku za mzunguko maana jina linabadilika ila siku za mzunguko hazibadiliki. Nikakuta mistari miwili ina siku 2.9, desimali zote sawasawa. Mmoja nimeandika WASP-71 b. Wa pili nimeandika Tanzanite, nyota yake Mpingo.

Nilikaa kimya pale. Ni sisi bwana, 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi kila moja nyota yake na sayari yake izipe majina, Tanzania ikachagua hayo.

Jioni nikaenda kwa mjomba, yeye anachonga vinyago, nikamkuta na tezo anamenya gogo la mpingo, ile sehemu ya nje ya njano njano inaruka vipande na ule weusi ndo unaanza kuonekana. Nikamwambia mjomba kuna nyota inaitwa Mpingo, kwa macho haionekani, mpaka darubini. Akasimamisha tezo.

"Nani kaiita hivyo?"

"Watanzania, mjomba."

"Basi iandike vizuri mwanangu, usiichanganye na nyingine."

Usiku huo nikachora safu mpya pembeni, "majina mengine", nikapitia orodha yote toka mwanzo. Mstari mmoja nikaukata, zikabaki 199. Ile nafasi nikaijaza na TRAPPIST-1 h, maana za nyota ile, iliyo mbali miaka ya nuru kama 40, nilikuwa na sita tu na zenyewe ni saba.