Kamera ya laki saba

Bajeti yangu ni laki saba na haiongezeki. Naiweka hapa juu kabisa kwa sababu kila ninayemwambia nataka kamera ananijibu, "Si ungevuta subira ukachukua ya kisasa?" Za kisasa, zile zisizo na kioo ndani ambazo vijana wa harusi wanatembea nazo siku hizi, hela hiyo hainunui hata bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi. Na mimi sipigi harusi. Nataka kupiga Tandika jioni: mama wa mihogo, fundi cherehani anayemalizia nguo ya mtu, watoto wanaofukuzana taa zikiwa zimeshawaka.

Simu ninayo, na mchana sina ugomvi nayo. Saa saba, jua likiwa utosini, hata mwenye kamera ya mamilioni anapata picha mbaya kama yangu tu, macho yamezama kivulini na paji la uso linang'aa. Shida inaanza baada ya magharibi. Simu inapiga picha kadhaa upesi upesi na kuziunganisha kuwa moja, na mtu akitulia anatoka vizuri. Ila mkono wa mama anayegeuza muhogo kwenye mafuta hautulii hata kidogo, kwa hiyo kwenye picha unakuwa umefutika. Tena simu yangu ina tabia ya kumpaka mtu poda asiyoiomba. Mama ni mweusi, na namtaka hivyo hivyo.

Kumbe ninachotafuta ni mwanga. Kariakoo wanakuuzia megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Nimezunguka maduka kadhaa, na kila muuzaji anaanza na namba hiyo. Haya, tuihesabu basi. Canon 600D, kamera ninayoifikiria, ilitoka mwaka 2011, ina megapikseli 18, na picha yake ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi inakaribia ukubwa wa A3, karatasi mbili za A4 zikiwekwa pamoja. Chumba changu cha kupanga hakina ukuta wa kuweka A3, kuna kabati. Megapikseli zaidi ya hapo za nini?

Hela iende kwenye lenzi, ndivyo ninavyoona sasa. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na bodi, ukiivuta mpaka mwisho, inafunguka hadi f/5.6 tu, na namba hiyo ya f ikiwa ndogo ndivyo lenzi inavyofunguka zaidi. Lenzi ya 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hapo. Maana yake, pale nilipolazimika kuacha shata, lile pazia la ndani linalopitisha mwanga, wazi kwa sehemu ya 10 ya sekunde, napiga kwa sehemu ya 100, na mkono wa mama unaonekana mkono. Toleo lake la mwaka 2015, linaloandikwa STM, ni miongoni mwa lenzi za Canon za bei ya chini kabisa. Ubaya wake upo: kwenye bodi hizi zenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), 50mm inaona finyu kama 80mm, kwa hiyo ndani ya nyumba utarudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango. Nje, barabarani, hainisumbui.

Niliwahi kuelekea Nikon D3200, nzuri tu, megapikseli 24. Nikaachana nayo baada ya kusoma kwamba bodi yake haina mota ya fokasi, ile inayosogeza vioo vya lenzi ili picha itoke kali. Lenzi nyingi za zamani za Nikon, zile za bei nafuu, zikivikwa pale lazima ufokasi kwa mkono. Zinazofokasi zenyewe ni zenye mota ndani yake, zinaandikwa AF-S. Muuzaji hakunitajia. Sikutegemea anitajie.

Safari ya mwisho nilikwenda na Mjomba, ambaye zamani alikuwa na studio ya picha za pasipoti Temeke, enzi za filamu. Tukaletewa 600D na lenzi yake. "Hii bado mbichi, bosi," kijana akasema, akaiwasha. Mjomba hata skrini hakuitazama. Aliichomoa lenzi, akaigeuza, akawasha tochi ya simu upande mmoja na kuniambia niweke jicho upande wa pili. Mwanzoni niliona duara safi la mwanga. Akainamisha lenzi kidogo, na pale ukingoni zikajitokeza nyuzi nyembamba nyeupe, zenye matawi, zimeshaanza kutambaa kuelekea katikati.

"Kuvu," akasema. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na lenzi ikifungiwa kwenye begi au droo miezi na miezi, kuvu inaota kati ya vioo. Fundi anaweza kuifungua na kuisafisha, lakini ikikaa sana inakula ule utando wa juu ya kioo na alama hazitoki tena.

Kijana akashusha laki nzima hapo hapo, bila sisi kuomba. "Hii usiitolee hata mia," Mjomba akaniambia, tukaondoka. Njiani akanisisitiza ninunue vile vipakiti vya kufyonza unyevu na kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na nivinunue kabla ya begi la kamera. Begi la kamera lenyewe hataki hata kulisikia. Kwenye daladala la Tandika, begi lenye jina la kampuni ya kamera ni tangazo.

Kuna bodi nyingine, 600D pia, duka la ghorofani mtaa wa pili. Haina lenzi, raba ya pale unaposhika imeanza kubanduka, ila bei yake inaacha nafasi ya 50mm. Jumamosi nakwenda na memori kadi yangu. Nitaazima lenzi yao, nipige ukuta mweupe kwa f/22, kwa sababu upenyo ukiwa mdogo ndipo vumbi la kwenye sensa linapojitokeza kama madoa, kisha nikazikague picha kwenye kompyuta. Kwa Nikon nyingi, faili la picha lingenipa na idadi ya shata zilizopigwa. Kwa hii itabidi niangalie ilivyochakaa na nisikilize shata inavyolia. Muuzaji akikataa kadi yangu isiingie, namshukuru, nashuka ngazi.